Bakuli Lililowashinda Farasi

Nyuma ya Ndia Kuu ya Mombasa, pale kichochoro kinapobana mpaka mabaraza mawili yakatazamana goti kwa goti, ndipo penye kijiwe cha Athmani muuza kahawa. Pita hapo baada ya alasiri: kahawa utalipia, hoja utapewa bure. Siku hiyo wa kwanza kufika alikuwa Tsuma, fundi viatu, ambaye wenzake humwita Kisigino, naye alikuja amekumbatia picha. Si picha ya karatasi, hasha. Ilichapwa juu ya bati zito, inang'aa kama sinia la arusi, na ndiyo maana Athmani, bila kuuliza, akapanga vikombe vyake juu yake.

— Toa, bwana. Hiyo ni ya kutundika ukutani. Kanitumia Nyevu.

Vikombe vikaondolewa upesi. Kijiwe kizima kilijua habari ya Nyevu, bintiye Tsuma, anayefundisha sayansi Kisumu. Mamake alipofariki, Tsuma aligawa leso zote za marehemu, kanga zake za kujitanda, siku ya kuondoa matanga, asimbakishie mwanawe hata moja. Hakukusudia ubaya, masikini. Kila akiziona zimetundikwa pale ukutani, roho ilimtoka. Lakini Nyevu aliondoka kesho yake, na tangu hapo hata simu hapigi. Kuomba radhi Tsuma hakujui. Alichojua ni kujaza achari ya maembe katika bakuli la shaba la marehemu na kumtumia mwanawe kwa basi. Na jibu ndilo hili bati, bila hata salamu.

Wakaliinamia. Ulikuwa mchoro wa kale wa jaribio la kisayansi, mistari yake myembamba kama nywele. Mabakuli mawili makubwa ya shaba yamefunikana mdomo kwa mdomo. Msururu wa farasi wavuta kwa kamba huku, msururu mwingine wavuta kule, watu wameinua mijeledi, shingo zimesimama mishipa. Na mabakuli hayaachani.

— Subhanallah, alisema Athmani polepole.

Zein, muuza vinyago aitwaye Profesa kwa kuwa kila neno hulianza na "kitaalamu", alisema mahoteli siku hizi yapambwa kwa picha kama hizi, ila ya Tsuma itakwisha kwa kutu, chumvi ya bahari haina adabu. Lennox, dereva wa winchi bandarini, akaigonga kwa ukucha akasema hiyo ni alumini, haishiki kutu. Kisha akaeleza kuwa wale watu walikuwa wakijaribu kamba, kama wafanyavyo bandarini. Athmani alikataa. Kamba hukatikia pembamba, alisema, na hizi hazijakatika, kwa hivyo ndani mna jini.

— Jini mmoja hawezi farasi wote hao, alisema Zein. Kitaalamu, humo mmefungiwa upepo wa mji mzima. Yakifunguka, mapaa yote yaruka. Ndipo waliposema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Methali haikuhusika, lakini wakaitikia, kwani picha yenyewe ilikuwa imewatisha. Hapo Lennox akajipiga paji la uso.

— Ngojeni. Hii nimesomeshwa! Ndani hamna kitu. Walinyonya hewa yote kwa pampu, hata pumzi moja haikubaki.

Walipombishia, alichukua kikombe kitupu, akakibandika mdomoni, akanyonya, kisha akainua mikono yote miwili juu. Kikombe kikabaki kimening'inia usoni pake, hakishikwi na mtu. Zein alisahau utaalamu wake, akainama kukichungulia kwa chini. Athmani alikishika kile kikombe akakivuta, nacho kikajivuta kurudi, akakiachia kwa hofu.

Tsuma hakuangalia kikombe. Lilimchoma neno moja tu, kwamba ndani hamna kitu. Mombasa nzima yajua, jirani akikuletea chakula, chombo chake hakirudi kitupu. Utatia japo limau, japo kijiko cha sukari. Yeye amepeleka bakuli limejaa, na mwanawe amemrudishia picha ya bakuli tupu.

— Kanijibu, alisema. Kwake mimi sina kitu tena.

Zein alitaka kusema debe tupu haliachi kuvuma, Lennox akamkanyaga mguu. Tsuma aliigeuza picha kifudifudi akamwambia Zein aichukue akaiuze.

Zein alikuwa akiikagua mwangani wakati binti mmoja aliposimama mbele yao akawaamkia. Jina lake Rispah, karani, ametoka bara wiki ile, naye alikuwa akitafuta njia ya Biashara Street anunue leso. Wakamkaribisha. Lakini macho yake yalinaswa na farasi, ikabidi Lennox amweleze upya, mpaka kwenye ule utupu. Rispah aliwahesabu farasi kwa kidole.

— Kama ndani hamna kitu, aliuliza, mbona farasi wote hawa wameshindwa?

Wote wakamgeukia Lennox. Lennox alikiri kuwa hapo ndipo kengele ya shule ilipolia, wakaenda kula. Athmani alichungulia ndani ya dele lake la kahawa, labda jibu limo.

Tsuma aliinyakua picha. Maisha yake yote kazi yake ni kushikisha vitu viwili visiachane. Gundi aijua, uzi aujua, na misumari pia. Akafuata kwa kidole pale midomo ya mabakuli ilipokutana. Hapakuwa na gundi wala uzi, wala msumari. Basi huo utupu ndio ulioyashika, kama pengo aliloacha marehemu baina yake na Nyevu. Akatoa simu akapiga.

— Nyevu, mwanangu. Farasi wameshindwa.

Upande wa pili mtu akavuta pumzi.

— Umeitundika wapi, baba?

— Bado. Nataka pale palipokuwa na leso za mamako. Nisamehe, mwanangu.

— Ningojee tuitundike. Bakuli la mama lingali kwangu, na siwezi kulirudisha tupu. Nalileta mwenyewe.

Tsuma alijifuta uso kwa mkono wa shati. Athmani aliinamisha dele, halikutoa hata tone, na hakuna aliyelalamika. Rispah akauliza tena, kwa haya, njia ya Biashara Street ni ipi.

— Twende nikupeleke, alisema Tsuma. Nami nina leso ya kununua.