Kamati Iliyomtembelea Chelagat Darasani

Mchungaji mwenyeji wetu; Mzee Kipngetich, Mwenyekiti wa Kamati ya Elimu ya kanisa, pamoja na wanakamati mlioketi meza ya mbele, wazazi, na ninyi wanafunzi, ambao sherehe ni yenu lakini viti mmepewa vya kule nyuma karibu na mlango: habari za jioni.

Leo mchana Bi. Audrey, mratibu wa mpango unaowaruhusu wanafunzi wa sekondari kusoma masomo ya chuo kikuu, ameniambia kwa simu kwamba nafasi ya Chelagat katika muhula wa Januari 2007 haijapewa mtu mwingine. Naanza na hilo kwa sababu humu ukumbini, tangu Jumapili iliyopita, inaaminika kwamba msichana huyo amefeli na kufukuzwa. Hajafeli. Hajafukuzwa. Kabla ya kulisema hili mbele yenu nilimwomba ruhusa, naye akanipa. Kamati izingatie kwamba jambo hilo linawezekana.

Nimealikwa hapa Bladensburg, huku ughaibuni, kuisifu kamati. Nitaisifu.

Vijana hawa wako mwaka wa mwisho wa sekondari. Kila asubuhi hupanda basi hadi chuoni, huketi na watu waliowazidi umri, hufanya mitihani ileile, kisha mchana hurudi shuleni kwao. Nafasi hizo walizitafuta wenyewe. Kamati iliundwa baada ya wao kukubaliwa, ili iwasaidie kupata walichokwisha kupata. Bidii ya namna hiyo si ya kawaida.

Wengi wetu tulisoma shule za bweni kule nyumbani, tunaijua siku ya wazazi: mama na chapati, kuku ndani ya hotpoti, baba akimwuliza mwalimu mtoto amekuwa wa ngapi. Ni desturi nzuri, na ina mahali pake. Mwezi uliopita kamati iliamua kwamba mahali pake ni ukumbi wa mihadhara wa chuo kikuu, katikati ya kipindi. Waliingia kwa mlango wa mbele, wamevaa suti na kubeba hotpoti, wakati profesa anaeleza jinsi milima ilivyokunjamana. Wakajitambulisha mmoja mmoja, kwa vyeo.

Chelagat aliinuka akamfuata Mwenyekiti. “Anko, tafadhali,” alimwambia, “hapa hakuna siku ya wazazi.”

“Nyamaza kwanza, mama,” Mwenyekiti akamjibu. “Tunaongea na mwalimu wako.”

Kisha akamwuliza profesa huyu binti yetu amekuwa wa ngapi. Profesa akasema, kwa adabu, kwamba hapo wanafunzi hawapangwi namba, na kwamba sheria haimruhusu kumweleza mtu yeyote maendeleo ya mwanafunzi bila idhini ya mwanafunzi mwenyewe. Ni sentensi moja. Haina fumbo. Kamati ya watu wazima ilitoka nayo nje, ikaipakia garini, na hadi inafika barabara kuu ilikuwa imekwisha kuigeuza kilio. Mzee Gédéon, mmoja wa wanakamati, ndiye aliyetoa hukumu: “Professeur akificha, kuko maneno.” Mweka hazina akaongeza kwamba hata hivyo lile halikuwa somo. “Mawe? Kwetu mawe yanavunjwa na wafungwa.”

Na Chelagat alikuwa wapi wakati huo? Alikuwa ndani ya gari hilohilo, kiti cha katikati, amepakatishwa hotpoti, anarudishwa shuleni. Ni nani kati yenu aliyegeuza shingo akamwuliza, “Je, mtoto, unaendeleaje?” Mimi nilimwuliza kama kuna aliyefanya hivyo. Alisema hakuna.

Jumapili mliomba. Mliomba kwa nguvu, kwa lugha tatu, kwa ajili ya binti yetu aliyeanguka, naye amesimama pale kwenye kwaya anaimba sauti ya pili. Baada ya ibada mkamshauri mama yake amtoe chuoni, amwandikishe kozi ya kuhudumia wazee, kwa kuwa kazi hiyo haikosi mshahara. Ni kazi ya heshima. Mama yake anaifanya kila usiku. Lakini hakuna aliyemwuliza mama huyo kama ndiyo anayomtakia mwanawe.

Ukweli ni mfupi. Profesa yuleyule amemchagua Chelagat ajiunge, muhula ujao, na kikundi kinachokwenda kusoma miamba ya milima ya Virginia. Kwa kuwa hajatimiza miaka kumi na minane, mzazi lazima afike naye mwenyewe ofisini kwa Bi. Audrey kutia sahihi ya kukubali. Mama Chelagat, baada ya ibada ile, alipiga simu kusema hatafika.

Jioni hii, mlangoni, nilimwuliza kwa nini. Akanishika mkono. “Ndugu yangu, kanisa zima limemlilia mwanangu,” akasema. “Leo nisimame niseme hakuanguka? Si nitakuwa nimemwita Mwenyekiti mwongo?”

Mama, nakujibu hapa, wote wasikie. Mzee Kipngetich si mwongo. Ili mtu adanganye ni lazima kwanza aujue ukweli, na Mwenyekiti wetu hajawahi kuukaribia kiasi hicho. Yeye na kamati yake wanampenda mtoto wako, sina shaka. Wanampenda kama watu wanavyolipenda gari la jirani: wanalizunguka, wanalipiga teke matairi, wanatabiri litakapoharibikia. Mapenzi hayo hayakulazimishi kuwakabidhi funguo. Ukitaka kuwaheshimu, wapakulie chakula. Mwanao si sehemu ya heshima hiyo.

Wanafunzi wa kule nyuma, hongereni. Mlichofanya mmefanya peke yenu. Mchungaji, nakushukuru kwa kunipa nafasi hii, na ninyi nyote kwa kunisikiliza mpaka mwisho, wengine bila kupenda.

Ofisi ya Bi. Audrey inafunguliwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Wanatakiwa watu wawili tu, na wote wawili wamo humu ndani.