Kopo la Rangi Mapajani
Mbele yangu kwenye treni, mama aliyepakata kopo la rangi alikuwa akimweleza mwashi aliyeketi kando yake kwamba tetemeko la ardhi la zamani halikuigusa nyumba yao ya ghorofa, ila la juzi limepasua nguzo mbili.

"Wakati ule ilikuwa changa, mama," mwashi alisema. "Sasa nondo zimeliwa na kutu. Na chini pana nini?"

"Palikuwa na bwawa. Tulilifukia kwa kifusi."

Mwashi akaguna. "Udongo huo ukitikiswa hulegea kama uji. Hameni."

"Mzee wangu hataki. Kutu ikichungulia, tunapaka rangi."

Nyumba nadhifu kwa nje, nikawaza.

Treni ikasimama. Mama akainuka na kopo lake. "Kanituma hii," akasema taratibu. "Wajukuu wanakuja kulala kesho, hataki waone nyufa."