Kidole cha Cleophace na Kuku Waliosoma

Benchi letu liko Rubwera, kwenye kona ya kuingilia ofisi za wilaya, ubavuni mwa jiko la Salvina muuza kahawa. Rwegoshora tunamwita Redio, kwa sababu hazimiki. Anastazi ni Sheria. Aliwahi kuwa tarishi wa mahakama miaka miwili. Mimi sina jina la utani, mimi husikiliza. Asubuhi hiyo alifika Cleophace, mfuga kuku, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimefungwa bandeji. Akaketi bila kusalimia.

Redio: Waitu, mwenzetu! Hicho ni kidole au mkungu?

Cleophace: Jogoo alinidonoa, wiki ya tatu sasa. Natoka hospitali. Wamepima usaha, wanasema vijidudu vimekuwa sugu. Dawa mbili zimeshindwa. Nimeanza ya tatu, ya sindano. Ikigoma, wanakata.

Salvina akammiminia kahawa kabla hajaagiza.

Sheria: Vimekuwaje sugu, vijidudu?

Cleophace: Daktari kauliza kuku nawapa nini. Nikamwambia, ile dawa ya unga, kwenye maji, kila siku kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Redio: Umevisomesha, ndugu yangu! Kidogo kidogo kila siku, hiyo si shule? Vimeanza chekechea kwenye maji ya kuku, vimemaliza chuo, sasa vimekuja kidoleni kutafuta ajira.

Sheria: Si ajira, ni makazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hivyo vina wiki tatu, kisheria ni wenyeji. Huvitoi bila notisi ya siku thelathini, na muhuri wa mtendaji.

Redio: Siku thelathini mkono wote umeshaondoka! Virudishwe kwao. Cleophace, fungua bandeji, chomeka kidole bandani. Vikisikia harufu ya nyumbani vitashuka vyenyewe. Mkataa kwao ni mtumwa.

Salvina: Na jogoo akidonoa tena?

Redio: Atakuwa anavipokea.

Cleophace akakitazama kidole, kisha akatazama njia ya kwake. Naapa alikuwa anapima umbali.

Sheria: Ngoja kwanza. Zile dawa mbili ulizimaliza?

Cleophace: Kila moja nilimeza siku mbili, maumivu yakapoa. Vidonge vilivyobaki nikavisaga, nikawawekea kuku kwenye maji. Ningetupa? Dawa ni dawa.

Redio: Yesu wangu! Umevivujishia mtihani!

Tukacheka. Cleophace naye akacheka, ila kicheko kikamkatikia njiani.

Cleophace: Mke wangu Mackrine hajui habari ya kukata. Nimemwambia nimechomwa na mwiba.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa ameketi mama mmoja tusiyemjua, aliyekuwa akisubiri ofisi zifunguliwe. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema anaitwa Costansia, anatoka Nyakakika.

Costansia: Samahani wanangu. Hao kuku walikuwa wanaumwa nini?

Cleophace: Nani, kuku? Hawakuwa wanaumwa, mama. Wazima kabisa.

Costansia: Sasa dawa ilikuwa ya nini?

Redio akanywa kahawa kwenye kikombe kilichokwisha. Sheria akasema suala hilo lipo nje ya mamlaka yake. Salvina akakoleza mkaa ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Mama Costansia alitutazama mmoja mmoja, kwa upole, kama mtu anayedhani hakusikika. Mimi nilijikuta nafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa kandambili.

Cleophace akasimama, akaita bodaboda.

— Hospitali, kaka? dereva akauliza.

— Nyumbani kwanza. Nikamwage yale maji. Halafu nimwambie mke wangu ukweli.

Hakikukatwa. Sindano ilikubali, kwa mbinde, ila kidole hakikunjiki tena. Siku hizi Cleophace akikupa mkono, utadhani anakuelekeza njia.