Mama Dodoso na Treni ya Mchana

Wasikilizaji wapendwa, leo nimeshindwa kukaa. Nasoma nimesimama, maana ninayemkumbuka hakuweza kutulia hata dakika kumi. Ametutoka Jumanne, kwa maradhi ya figo. Mitaani walimwita Mama Dodoso.

Kazi yake ilikuwa kuuliza watu wanasafirije. Reli ya mjini iliporefushwa hadi vitongojini, alipita nyumba mia nne na madodoso yake. Mwaka mmoja baadaye akazirudia zilezile mia nne.

Wengi walishahamia treni. Lakini wanawake kadhaa bado walitembea kwa miguu, kando kabisa ya reli. Kwa nini? Swali hilo lilimkosesha raha.

Mumewe, fundi cherehani, anasimulia: "Nilimwambia, mke wangu, kunywa chai kwanza. Akavaa viatu, akatoka."

Alimfuata mmoja wao, mfagizi wa ofisi. Mfagizi akacheka. "Dada, treni ni za asubuhi na jioni. Mimi naingia kazini saa saba mchana. Nipande nini, reli yenyewe?"

Mama Dodoso akatembea naye. Saa nzima na dakika kumi, juani.

Katika ripoti yake akaandika ukurasa mmoja kuhusu wanaosafiri mchana. Mkuu wake akamwambia autoe. "Hao ni wachache."

"Ni wachache kwa sababu umehesabu walio ndani ya treni tu," akajibu.

Hakuutoa. Mkataba wake haukuongezwa. Akausoma ukurasa ule kwenye mikutano ya wakazi, mtaa baada ya mtaa, hadi treni ya mchana ikaanza kwa majaribio.

Siku ya kwanza walipanda kumi na mmoja. Kumi na mmoja tu! Alizunguka stesheni kama kuku anayetaka kutaga. Mwezi wa pili, viti vikajaa. Na si wafanyakazi peke yao. Mzee mmoja alimwambia: "Namfuata dada yangu. Miaka miwili sijamwona, miguu ilikataa." Safari ambayo haikuwepo kwenye dodoso lolote.

Binti yake Mama Dodoso anasema kwamba kule hospitalini, kabla ya salamu, kila mgeni aliulizwa na mama: "Umekujaje?"

Kwa fundi wetu na binti yake, poleni sana. Nasi tujiulize: nani nyumbani kwetu hatoki, nasi tunadhani hapendi kutoka?

Mazishi ni Jumapili. Jumapili treni bado hazifiki kule makaburini. Tutakwenda kwa miguu, wasikilizaji wapendwa, na tutahesabiana njiani.