Meno ya Kitanda cha Mama Mkwe

Kijiwe chetu kipo mlangoni pa karakana ya Fundi seremala: benchi moja, birika langu la kahawa, na midomo isiyochoka. Asubuhi hiyo Fundi alikuja na uso wa kufiwa. Mkewe kaenda kwao, kaapa harudi mpaka kitanda cha mama yake kiishe, na mama mwenyewe anakuja leo kukitazama. Umebaki ubao mmoja tu, wa kichwani. Fundi anataka kuutia nakshi kingoni kwa ruta, ile mashine inayozungusha jino mpaka masikio yanaziba. Mkononi ana jino moja la bei mbaya; kwapani, boksi zima la meno ya bei chee.

— Nitumie lipi, jamani? Ubao ukiungua sina mwingine.

— La boksi, akasema Kinyozi wa jirani. Meno rundo kwa bei ya moja! Wahenga walisema, meno ya mbwa hayaumani.

— Hiyo inahusu nini hapa? Fundi akauliza.

— Si inataja meno?

Waziri, tunamwita hivyo kwa kuwa anaahidi kila kitu na ofisi hana, akatua kikombe.

— La ghali ndilo. Linatunza makali. La boksi linaunguza mbao kabla halijakata.

— La ghali lina maringo. Hata wembe wa bei mbaya ukiona kichwa kibaya unagoma. Nimeshuhudia.

— Basi lilazwe na ubao usiku mmoja, wazoeane, akashauri Waziri.

— Na wakizaa?

— Watazaa stuli.

— Mama mkwe yuko njiani, Fundi akalia, nyie mnazalisha stuli!

Wakaamua kujaribu la boksi kwenye kipande cha kutupa. Mashine ikanguruma, moshi ukapanda, jino likakatika, likaruka nje na kutumbukia kwenye birika nililokuwa nimelifunua.

— Mmeona? akasema Waziri. Wivu huo. Fundi, umelitoa mbele ya mwenzake wa ghali!

— Limefuata kahawa, akasema Kinyozi. Mchumia juani hulia kivulini.

Nikawaambia wanywe tu, kahawa sasa ina chuma, inaongeza damu.

Fundi akafunga lile la ghali na kuuleta ubao. Hapo mama mkwe akatokea, binti yake nyuma, kabeba sanduku la nguo.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Mnagombania nini mpaka mnasikika barabarani?

Waziri akamweleza yote: makali, maringo, wivu. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

— Nani aliwaambia mimi nataka nakshi?

Fundi akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Waziri. Waziri akatazama ndani ya kikombe.

— Mimi nilisema kitanda. Mgongo umeniisha kwa kulala chini.

Binti akatua sanduku, akachomoa waya wa mashine ukutani, akauinua ubao upande mmoja kuupeleka kitandani.

— Shika huko, akamwambia mumewe.