Kitanda Kilichogoma Koridoni

Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti kanipa dakika tano, nikambana akaongeza mbili, basi nisikilizeni.

Mie fundi vitanda, hapahapa Kiwalani. Nilikuwaga na kitanda cha aina moja: sita kwa sita, mninga mtupu, gundi na misumari, hakifunguki hata kwa dua. Mteja akitaka kidogo namwambia, "Kanunue mkeka." Na ubao napima mara mbili kabla ya kukata. Ndugu zangu, nawaambia, ubao nilipima. Mlango wa mteja sikuupima hata mara moja.

Mama mmoja akaagiza kitanda cha harusi ya mwanawe. Siku yenyewe tukakipeleka kwa mkokoteni. Chumba alichopanga kijana kiko mwisho wa korido. Kitanda tukakilaza ubavu, tukakisimamisha, kikagoma kupita. Ngoma inasikika, bibi harusi anakuja, kitanda kiko uani na kuku wameshakipanda.

"Fundi!" shangazi mtu akapaza sauti. "Maharusi walale na kuku?"

Wakalalia godoro chini. Habari ikafika Vingunguti kabla yangu. Wateja wakakauka, nikafunga karakana, nikawa nabeba magunia sokoni Tandale. Mgongo huu mnaouona ulikuwaga umenyooka.

Siku moja yule mama akanikuta palepale sokoni. Nikajiandaa kutukanwa.

"Shikamoo mama. Nije nivunje mlango?"

"Marahaba. Nyumba ya kupanga hiyo, baba, mlango si wetu. Kivunje kitanda chako. Na wakihama je? Uje ukivunje tena?"

Swali hilo nililibeba pamoja na magunia. Mwisho nikarudi na msumeno, nikakikata kile kitanda huku roho inaniuma, nikatia bolti kila pembe. Kikapita vipande vipande, nikakifunga chumbani kwa spana. Bibi harusi akakikalia, akakitikisa, kikatulia.

"Sasa fundi, kinyanyue. Ndoo zangu nitaweka wapi?"

Nikaongeza urefu wa miguu, ndoo zikaingia chini. Hapo ndipo nilipoelewa kazi yangu. Leo mbavu, chaga na miguu, kila kimoja kinafungwa peke yake. Wa bondeni anakipandisha mafuriko yakija, anayehama anabeba begani.

Namshukuru mama yule, na nyie mlionikopesha nikafungua tena karakana. Nilichojifunza ni hiki: kabla hujashika ubao, kaone mtu anaishi vipi.

Wale maharusi wamenipigia juzi. Wamepata mtoto, wanataka kitanda kipunguzwe, kingine kidogo kiingie pembeni. Nimewaambia nakuja, ila kwanza nione chumba.