Saruji Imesimama

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao ambalo zahanati ya mtaa ililitupa siku ilipoletewa viti vya plastiki. Limeegemea ukuta wa kibanda cha fundi saa, karibu kabisa na sanduku lake la kioo, kiasi kwamba fundi anaweza kufanya kazi na kubishana bila kuinua kichwa. Fundi huyo anaitwa Dakika, kwa sababu mteja akimuuliza saa yake itakuwa tayari lini, jibu ni "dakika tu," na akirudi baada ya wiki mbili jibu halijabadilika. Zamani hapo walibishana mpira. Tangu kiwanda cha saruji kilipouza hisa zake kwa wananchi, mpira ulikufa, na watu ambao nyumba zao hazijawahi kuona plasta wakaanza kusema "kiwanda chetu" bila kuona haya. Kila asubuhi hununua gazeti moja kwa kuchangishana na kulifungua ukurasa wa bei za hisa, ukurasa wenye herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mwenye lenzi ni Dakika peke yake, kwa hiyo msomaji ni yeye.

Ijumaa hiyo aliibana lenzi jichoni, ile nyeusi anayochungulia matumbo ya saa, akateremsha kidole taratibu.

— Saruji, themanini na nne.

— Jana? aliuliza Bi Mwavuli, muuza kahawa, akiwa ameliinamia jiko lake.

— Themanini na nne.

— Na juzi?

— Mama, mwezi wa nne huu naimba wimbo huo huo. Imesimama pale pale.

Neno hilo, "imesimama," walilipenda sana. Benki ilikuwa imeshuka, bia imeshuka, na sukari ilishuka mpaka waliokuwa nayo wakahama kijiwe kwa aibu. Saruji peke yake haikutikisika. Kila asubuhi Dakika alilitamka neno hilo kwa sauti ya mtu anayemsifia mwanawe, lakini Ijumaa hiyo alilitoa harakaharaka, kwa sababu jana yake jioni dada yake alimfuata nyumbani.

Mama yao alipofariki, dada huyo ndiye aliyemlea Dakika. Alifua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na sita, na siku aliyostaafu akapewa kiinua mgongo chake, akakileta kwa mdogo wake akiuliza akifanyie nini. "Weka saruji," Dakika alimwambia. "Watu hawataacha kujenga." Akaweka chote. Sasa alikuwa na mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Jicho la kulia lilishajaa ukungu, la kushoto lilikuwa linafuata, na hospitali ilimpangia upasuaji Jumatatu, malipo yakitangulia. Miezi mitano nyuma, jicho moja tu likimsumbua na bei ikiwa themanini na moja na inapanda, alitaka kuuza. Dakika akamwambia asubiri ifike mia. Akasubiri, kwa kuwa aliyemwambia ni mdogo wake.

— Dada anataka kuuza, Dakika alisema, akaiweka lenzi juu ya kitambaa. Ni macho. Jumatatu anaingia chumba cha upasuaji. Nimemwambia nitampigia simu leo, nimpeleke kwa dalali wa hisa.

Benchi lilitikisa vichwa kwa heshima ya macho, kisha likaja juu.

— Auze leo? alisema Grafu. Leo hii?

Grafu alikuwa mchora ramani wa idara ya ardhi kabla ya kustaafu, na daftari lake la miraba halimtoki kwapani. Alilifungua juu ya mapaja. Mstari wa saruji ulipanda kwa mikunjo mikunjo, halafu ukalala na kwenda kurasa tatu umenyooka.

— Tazama hapo. Nimechora barabara na mabomba maisha yangu yote. Mstari haunyooki hivi bila sababu.

— Sababu gani?

— Inavuta pumzi. Ikimaliza kuvuta, inaruka. Hesabu yangu inanipa mia na thelathini.

— Juzi ulisema mia na kumi.

— Juzi mstari ulikuwa mfupi.

Dakika aliutazama mstari ule. Alitaka sana kuuamini, na alijua kwamba anautaka kupita kiasi.

— Nyinyi mnachora, alisema Wa Ndani, mimi naona kwa macho.

Huyu wa tatu alikuwa mlinzi wa jengo ambalo kiwanda cha saruji kimepanga ofisi zake. Walimwita Wa Ndani kwa sababu kila habari yake ilitoka ndani, ingawa kazi aliyoajiriwa ni kukaa nje.

— Umeona nini?

— Mkurugenzi hajakanyaga ofisini wiki ya pili hii.

— Anaumwa?

— Aumwe wapi. Yuko safarini, anazungumza na matajiri wa nje. Halafu Jumanne wakaja vijana wanne wenye tai. Sura zao sizijui. Wakapanda juu, wakashuka na maboksi ya mafaili, safari tano, mpaka gari likajaa. Mlango niliwashikia mimi. Mmoja hata akanishukuru.

— Mafaili wanayapeleka wapi?

— Wanahamia jengo kubwa zaidi, wapi kwingine. Kampuni ikinenepa, makabati hayatoshi.

— Ndiyo maana mkutano mkuu haujaitwa, alidakia Bi Mwavuli.

Jina lake alilipata kwenye mkutano mkuu. Ana hisa hamsini tu, lakini haujawahi kumpita. Mwaka wa kwanza wanahisa walipewa kalamu, mwaka wa pili mwavuli mkubwa wenye nembo ya kiwanda, na ndio huo anaoukingia jiko lake mpaka leo.

— Mwezi wa mkutano umepita, barua sijaona. Nikajiuliza, mbona kimya? Sasa nimeelewa. Zawadi ya safari hii ni nzito, inachukua muda kuandaa.

— Baiskeli, alisema Grafu.

— Baiskeli ya nini, alisema Wa Ndani. Kalamu, mwavuli, inayofuata ni pikipiki. Kampuni haiwezi kurudi nyuma.

— Pikipiki kwa hisa hamsini?

— Wewe watakupa ya kuchangia na mwenzako.

Bi Mwavuli alicheka, akamimina kahawa. Dakika alikipokea kikombe chake bila kukinywa. Siku nyingine angekuwa wa kwanza kuuliza rangi ya pikipiki.

— Na ile nyota? Grafu alimuuliza. Bado ipo?

Dakika aliirudisha lenzi jichoni. Pembeni ya neno Saruji palikuwa na kinyota kidogo, ambacho jicho tupu lingedhani ni uchafu wa inzi.

— Ipo.

— Kuna kampuni nyingine yenye nyota?

— Hakuna. Yetu tu.

— Basi mnataka ushahidi gani tena? alisema Wa Ndani. Nyota hazigawiwi ovyo. Askari akivishwa nyota amefanya nini?

— Amepandishwa cheo.

— Umejijibu. Kampuni zote zimeporomoka, hii imekaza. Wakubwa wa soko wameona, wameipa cheo. Halafu mtu aende leo kuuza. Mwambie dada aombe hospitali imsogeze mwezi mmoja. Macho hayakimbii.

— Mwezi mmoja tu, alisema Grafu. Ikiruka, anatengeneza macho yote mawili na miwani ya jua juu.

Dakika alianza kuyapanga maneno ya simu kichwani. Dada, ongea na daktari. Dada, mwezi mmoja. Aliona aibu, lakini aliona na nafuu. Simu yenyewe alikuwa ameishika mkononi alipomwona dada yake akija, kiganja kikiufuata ukuta wa duka la jirani, amevaa gauni lake la kutokea na mkoba kwapani. Hakuwahi kufika kijiweni pale hata siku moja.

— Shikamoo dada, Dakika alisema, akasimama.

— Marahaba. Hamjambo wote.

Wakasogea kumpisha. Aliligusa benchi kwanza kwa vidole, ndipo akakaa.

— Umetoka wapi asubuhi hii?

— Kwa dalali.

— Peke yako? Si nilisema nitakupigia?

— Ulisema. Nikaona una kazi za watu, nikauliza njia mpaka nikafika.

— Wamekupa?

— Hawajanipa. Kuna kijana pale, mpole sana, akanitolea kiti. Akaniambia, mama, hisa hizi zimesimamishwa. Nikamwambia, najua mwanangu, mdogo wangu ananiambia kila siku kwamba zimesimama, hazijashuka hata kidogo. Nilimwambia kwa furaha kabisa. Akanyamaza. Nikasikia amenyamaza vibaya.

Akaushika mkoba wake kwa mikono miwili.

— Nimewaza njia nzima. Nyinyi ndio mnaojua mambo haya. Zimesimama na zimesimamishwa, si kitu kimoja?

Grafu alitazama daftari lake. Bi Mwavuli alikoroga kahawa isiyohitaji kukorogwa. Wa Ndani, mwenye jibu la kila kitu, alikuna kifundo cha mguu.

Aliyejua alikuwa Dakika, na alijua palepale, kwa sababu maneno hayo mawili ni ya kazi yake. Anayatumia kila siku na wateja.

— Si kitu kimoja, dada, alisema polepole. Saa ikiishiwa betri, imesimama. Lakini mimi nikitaka kuisafisha, naingiza kibano, nalishika gurudumu. Hapo haikusimama. Nimeisimamisha. Kuna mkono.

— Na hizi zina mkono?

— Ndivyo alivyosema huyo kijana.

— Alisema pia kuna nyota gazetini, na maana yake imeandikwa chini.

Dakika alilivuta gazeti. Miezi minne kidole chake kilikuwa kikifika themanini na nne na kurudi. Chini ya ukurasa, chini ya bei zote na mstari mweusi, hakuwahi kwenda, yeye ambaye kazi yake ni kutafuta chembe ya vumbi ndani ya saa ya kike. Akaibana lenzi. Nyota ilikuwepo pale chini, na mbele yake sentensi moja. Aliisoma mara ya kwanza kimya.

— Soma kwa sauti, dada alisema. Mimi sioni.

— "Uuzaji na ununuzi wa hisa hizi umesimamishwa kupisha uchunguzi wa hesabu za kampuni, hadi itakapotangazwa."



— Yale maboksi, alisema Wa Ndani, akaitazama mikono yake iliyoshikilia mlango.

Grafu alilifunga daftari na kulirudisha kwapani. Bi Mwavuli aliliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, likatoa matone mawili na masimbi ya kahawa. Akalirudisha jikoni, akabaki ameushika mpini wa mwavuli wake.

— Na ile themanini na nne ya kila siku? dada aliuliza.

— Ni ya siku ya mwisho. Siku ya mwisho watu walipouziana. Gazeti linairudia tu.

— Kwa hiyo kweli haikushuka.

— Haikushuka.

— Basi hukunidanganya, mdogo wangu.

Alilisema kwa wema, na lilimuuma Dakika kuliko tusi lolote. Laiti angemgombeza. Laiti angemwita mjinga mbele ya watu hawa, angalau angepata pa kuuficha uso. Alimkumbuka miezi mitano nyuma, akiwa amekaa kwenye kigoda uani na fomu ya dalali imeshajazwa, akimuuliza, "Nisaini au nisisaini?"

— Nilikuzuia, Dakika alisema. Siku ile ulitaka kuuza, nikakuzuia.

— Ulitaka ifike mia.

— Nilitaka ifike mia.

Dada aliitikia kwa kichwa. Akafungua mkoba, akatoa karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya goti kwa kiganja kana kwamba angeisoma.

— Jumatatu niwaambie nini? Wataniuliza siku, ile nafasi wana watu wanaoingoja. Imeandikwa mpaka itakapotangazwa. Ndiyo lini hiyo?

Dakika alifungua kinywa. Miaka thelathini kinywa chake kimejibu swali la lini kwa maneno mawili, na maneno hayo yalikuja yenyewe mpaka kwenye ulimi. Aliyameza. Kibandani mwake saa za wateja zilizokwisha kutengenezwa zilisikika zikitembea, kila moja kwa wakati wake. Dada alisubiri jibu kwa utulivu, uso wake ameuelekeza kando kidogo ya pale mdogo wake aliposimama, akidhani ndipo alipo.